Kijana wa Sajini na Kazi ya Jeki

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya kuhifadhi maharagwe yasitobolewe na wadudu. Naomba radhi; maharagwe yatangoja. Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja, mke wa sajini wa polisi, mkazi wa hapa hapa Kamembe, na nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba jibu lake halipaswi kuchelewa, kwani mwisho wa mwezi umekaribia, na mwisho wa mwezi ndio muda aliopewa mwanawe. Kwa ruhusa yake naieleza hapa, maana najua kwamba zipo nyumba nyingine za askari zenye kijana wa namna hiyo.

"Mwalimu," anaandika mama huyo (nami, ingawa niliuacha ubao na chaki nikaingia katika ofisi za serikali, jina hilo halijanibanduka), "kijana wetu wa kwanza ana umri wa miaka 18. Tangu alipoyaona mashindano ya magari ya Naivasha katika televisheni hana neno jingine. Laiti angetaka kuwa dereva ningemwelewa, lakini yeye ataka kuwa miongoni mwa wale wanaolala chini ya gari na wale wanaokimbia na gurudumu mikononi. Anashinda gereji, anarudi usiku, nguo zimelowa oili, na sabuni yangu inakwisha kabla ya mshahara. Baba yake amesema kwamba mtoto wa askari hatakuwa mtumwa wa gurudumu la tajiri, na kwamba ikifika mwisho wa mwezi hajaiacha gereji, basi atafute pa kulala. Baba yake si mtu wa kusema neno akalirudia. Nifanyeje?"

Kabla ya kumjibu sina budi kuungama jambo moja, ili sajini asinidhanie kuwa mimi ni mmoja wa wale washabikiao magari kwa sababu ya kelele zake. Mdogo wangu aliyenifuata ziwa alijifunza ufundi katika gereji moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na umri wa miaka 17. Siku moja aliingia chini ya pikapu iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, bila stendi, bila gogo, bila hata jiwe. Jeki iliteleza. Mwenyezi Mungu alimnusuru kichwa, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki pale. Mwenye gereji alimpa nauli ya kurudi nyumbani, na huo ndio ukawa mwisho wa habari. Leo mdogo wangu ana kibanda cha kutumia watu fedha kwa simu, anajikimu, hana kinyongo. Mimi ndimi mwenye kinyongo. Kwa hiyo nilipotelemka kwenda kumtazama kijana wa sajini sikwenda kama rafiki wa kazi ile.

Gereji yenyewe iko kando ya barabara iendayo mpakani, mahali ambapo malori husimama kupoza breki baada ya miteremko ya msitu wa Nyungwe. Mwenyewe ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kuchoka mgongo. Sikumsalimu kwanza, niliinama nikatazama chini ya gari. Lilikuwa limekaa juu ya stendi nne za chuma zilizochomelewa vizuri, na jeki imeondolewa ikawekwa pembeni. Ndipo niliposimama nikampa mkono. Mzee alicheka. "Mwalimu," akasema, "kwangu mimi anayeingia chini ya gari lisilo na stendi huenda kwao siku ile ile, hata awe mwanangu."

Kijana alitoka chini ya gari akaniamkia kwa adabu. Nikamwuliza kwa nini hataki kuendesha kama vijana wengine. Akanijibu: "Mwalimu, dereva akikosea, watu wote watamwona. Sisi tukikosea, atakayeumia ni yeye." Kisha akanionyesha daftari la shule ambamo alikuwa ameandika kila nati ya gurudumu, kila spana inayoifaa, na muda alioutumia kuifungua na kuifunga. Hati ilikuwa mbaya, lakini hesabu zilikuwa sahihi. Nakiri kwamba hapo moyo wangu ulilegea kidogo.

Sasa na tuje kwenye neno la sajini, "mtumwa wa gurudumu." Neno hilo ni zito, nami nadhani halikutoka katika dharau bali katika kutojua kazi yenyewe ilivyo. Basi tuitazame.

Katika mashindano ya magari ya barabara za vumbi, kama hayo ya Naivasha, magari hukimbia sehemu baada ya sehemu, kisha hurudi kwenye uwanja wa huduma ambako mafundi wanangoja. Hapo saa ndiyo bwana wa wote. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia, huduma ya jioni ni dakika 45. Ndani ya dakika hizo gari lililopondwa na mawe, lililopasuka shokamzoba, lililojaa vumbi hadi ndani ya injini, lazima lifunguliwe, litengenezwe na litoke. Likichelewa dakika moja kutoka, dereva anaongezewa sekunde 10 katika hesabu yake, na kila dakika ni vivyo hivyo. Kuna mashindano yaliyoamuliwa kwa pungufu ya hizo. Baada ya hapo gari hufungiwa katika uwanja ambao hakuna fundi aruhusiwaye kuligusa hadi asubuhi. Kilichosahauliwa kimesahauliwa.

Tena, gari likiharibika huko porini, fundi haruhusiwi kulifuata. Dereva na msaidizi wake aliyeketi kando yake ndio watakaolitengeneza wenyewe kwa vyombo vilivyomo ndani ya gari. Kwa hiyo fundi mwema humfundisha dereva wake mapema: spana hii imewekwa hapa, waya huu umefungwa pale, ukisikia mlio huu simama, ukisikia ule endelea. Yule ambaye sajini amwita mtumwa, kumbe pia ni mwalimu. (Mniwie radhi, hapo nimeipendelea kazi yangu ya zamani.)

Askari wa mizinga atanielewa upesi kuliko raia. Mzinga mmoja huhudumiwa na watu kadhaa, kila mmoja ana mahali pake pa kusimama na jambo lake la kutenda, na hakuna aulizaye "sasa nifanye nini" wakati amri imekwisha tolewa. Hivyo ndivyo walivyo mafundi wa mashindano. Mmoja ana jeki, mmoja ana nati, mmoja ana gurudumu jipya, mmoja hatazami gari kabisa bali anatazama saa na kuita dakika zilizobaki. Na yupo mmoja ambaye kazi yake ni kupita nyuma ya wenzake wote na kukagua nati zote, akijua kwamba yeye ndiye wa mwisho.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya barabara hizi hizi za udongo mwekundu ambazo mvua ya masika huzigeuza uji. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Nick Nowicki ndiye aliyeshinda mara zote mbili, naye aliendesha Peugeot. Hebu fikirini, katika mashindano ambayo kufika tu ni ushindi, ni nani aliyekuwa na thamani kubwa zaidi: mwenye mguu mzito juu ya mafuta, au yule aliyejua ni bolti ipi itakayokatika baada ya maili mia tatu?

Joginder Singh alilijua jibu. Mtu huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akaanza maisha ya kazi kama fundi katika gereji ya baba yake. Baadaye alipata kazi ya kuzunguka barabarani akiwasaidia wenye magari yaliyokwama, kazi ambayo watu wa makamo walioisoma barua ya mama huyu wangeiita pia utumwa. Alikuwa karibu na miaka 27 alipoanza kushindana. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa gari la Volvo ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa gari la kiwanda lililokwisha tumika katika mashindano, wakalinunua, wakalifungua na kulifunga upya wenyewe. Akashinda tena mwaka 1974, na tena mwaka 1976, mara hizo mbili akiendesha Mitsubishi. Waliomwita Singasinga Arukaye walisifu mwendo wake. Mimi naona kwamba alishinda kwa sababu alipokuwa akiendesha, masikio yake yalikuwa bado yako gereji.

Na mwaka huo huo wa 1965, huko Marekani, ndugu wengine wawili waliokulia katika ufundi walifanya jambo ambalo lilibadili kazi hii duniani kote. Hao ni Glen na Leonard Wood wa jimbo la Virginia. Wao walikuwa watu wa mashindano ya NASCAR, yaani yale ya magari yaliyofanana kwa umbo na magari ya kawaida ya barabarani, yanayozunguka katika kiwanja mara mamia. Wakati ule gari liliposimama kubadili magurudumu na kujaza mafuta, kila mtu alifanya kwa kadiri alivyoona vema, wengine hata walivuta sigara. Ndugu hawa waliketi wakaipanga kazi hiyo hatua kwa hatua, wakaondoa kila mwendo usio na faida. Mwaka huo wakaitwa kwenda Indianapolis kumhudumia dereva Jim Clark wa Uskoti, katika mashindano ambayo hayakuwa hata ya aina yao. Gari lilisimama na kuondoka kwa haraka iliyowashangaza watazamaji, na Clark akashinda. Tangu siku hiyo watu waligundua kwamba mashindano yaweza kushindwa au kupatwa wakati gari limesimama.

Leo hii katika NASCAR watu watano tu ndio wanaoruhusiwa kuruka ukuta na kulihudumia gari: mwenye jeki, wawili wa kufungua nati, mmoja wa kubeba magurudumu na mmoja wa mafuta. Magurudumu manne na mafuta huchukua kiasi cha sekunde 10. Gurudumu lina uzito wa kilo 20 na zaidi, na debe la mafuta likiwa limejaa hupita kilo 40, nalo hubebwa begani kwa kukimbia huku magari mengine yakipita kwa kishindo karibu na visigino. Huvaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto. Katika Formula 1, ambako mafuta hayajazwi tena wakati wa mashindano tangu mwaka 2010, karibu watu 20 hulizunguka gari moja; mwaka 2023 kundi la McLaren lilibadili magurudumu yote manne huko Qatar kwa sekunde 1.80. Nimejaribu kutamka "magurudumu manne" kwa muda huo nikashindwa.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kijana wa sajini anisikilize vizuri, kwa sababu huko Marekani mlango wa kazi hii umegawanyika mara mbili, na asipojua anaweza kugonga ule usiokuwa wake. Zamani aliyelitengeneza gari siku za kazi ndiye aliyelihudumia siku ya Jumapili. Sasa sivyo. Makundi makubwa yaliyo karibu na mji wa Charlotte huwatafuta wanariadha wenye miguu myepesi na mikono yenye nguvu, wengi wao waliocheza mpira vyuoni, wakawafundisha kubadili gurudumu kama ambavyo kuruta hufundishwa kufungua na kufunga bunduki huku amefumba macho. Brehanna Daniels alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu katika chuo cha Norfolk State. Hakuwahi kuwa fundi. Akajaribiwa, akafunzwa, na mwaka 2018 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuruka ukuta katika daraja la juu la NASCAR akiwa na mashine ya kufungulia nati mkononi. Akina mama wenye mabinti, lishikeni hilo.

Mlango huo wa wanariadha hauko Kamembe, hauko Kigali, wala Nairobi. Kwetu mlango ni mmoja tu, nao ni ule wa zamani: mhudumu wa gari la mashindano ni fundi, na fundi hutoka gereji. Basi kijana huyu hajapotea njia. Mahali aliposimama ndipo inapoanzia.

Je, njia yenyewe inakwenda wapi? Nchini mwetu tuna mashindano ya Mountain Gorilla Rally, yaliyomo katika ubingwa wa Afrika, na tuna yale ya Huye yanayofanywa kumkumbuka dereva Gakwaya. Hayo ya Huye ni ya jirani; ukipanda basi Kamembe asubuhi, ukavuka Nyungwe, unafika kabla ya jua kuwa kali. Madereva wetu kwa sehemu kubwa ni watu wenye shughuli zao, wanaogharamia magari kwa fedha za mfuko na za wafadhili. Bi. Queen Kalimpinya, ambaye wengi walimjua kwanza katika Miss Rwanda, alianza kwa kukaa kiti cha msaidizi akisoma ramani ya njia, kisha akashika usukani mwenyewe. Kwa hiyo milango yetu si mikubwa, lakini haina walinzi wengi.

Mwezi wa Desemba mwaka 2024 wakuu wa shirikisho la magari la dunia, FIA, walikutana Kigali na kuwatuza mabingwa wao, mara ya kwanza sherehe hiyo kufanywa katika bara la Afrika. Hapo Mheshimiwa Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya Formula 1, ambayo hayajakanyaga Afrika tangu yale ya Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Siku hizo pia Max Verstappen, bingwa wa dunia, alikutana na vijana wa Kigali na kutazama kigari kidogo cha mashindano kilichoundwa hapa nchini kwa michoro ya FIA, cha bei nafuu, ambacho fundi mwenye mashine ya kuchomelea na mabomba ya chuma aweza kukiunda. Watu wengi walikumbuka sura ya bingwa. Mimi nilikumbuka yale mabomba. Aliyeyachomelea ni fundi wa hapa.

Sitaki, hata hivyo, kumdanganya mama wa watu. Hata kama Formula 1 ingekuja kesho, makundi yale huja na mafundi wao kamili, hadi mpishi. Kazi ambazo nchi mwenyeji hupata ni za kusimamia njia, kupunga bendera, kuzima moto, kuyaondoa magari yaliyogonga na kulinda watazamaji, na katika hizo pengine sajini mwenyewe ataingia kazini kabla ya mwanawe. Na katika mashindano yetu ya hapa, siku za mashindano kwa mwaka ni chache, hesabu yake yaenea katika vidole. Fundi hupewa chakula, malazi na posho ya siku zile. Mara nyingine hupewa asante. Hakuna mke wala mtoto alishwaye kwa asante. Kwa hiyo kijana asiseme "nataka kuwa fundi wa mashindano." Aseme "nataka kuwa fundi," kisha mashindano yawe chuo chake cha siku za mapumziko.

Nami namwambia hivi, naye baba asikie. Aingie kwanza shule ya ufundi, achukue masomo ya magari miaka mitatu mpaka apate cheti. Magari ya leo hayatengenezwi kwa nyundo na maombi; yana nyaya na kompyuta, na mtu asiyejua kusoma mchoro wa umeme ataishia kubadili oili maisha yake yote. Akifaulu vizuri, Rwanda Polytechnic huko Kigali ina mafunzo ya magari ya daraja la juu. Gereji ya mzee asiiache; aende Jumamosi na likizo. Kiingereza na Kifaransa ajitahidi, kwa sababu vitabu vya magari vimeandikwa kwa lugha hizo, lakini Kiswahili asikidharau: kuanzia Bukavu hadi Mombasa, chini ya gari husemwa Kiswahili.

Mashindano ya Huye yanapotangazwa, aandike barua mapema kwa waandaaji, ajitolee. Asiombe kugusa gari. Aombe kubeba maji, kutandika turubai chini ya gari, kufagia, kupanga magurudumu, kuosha spana. Wengi huona haya hapo, wakarudi nyumbani na kusema kwamba wamebaguliwa. Lakini mkuu wa mafundi humtazama kijana kwa vitu vidogo sana: je, spana imerudi mahali ilipotoka? Je, alipoambiwa nati ni tano alihesabu tano au alikisia? Je, alipokosea alisema, au alinyamaza akitumaini kwamba haitaonekana? Hili la mwisho ndilo linalopima mtu. Fundi mwepesi hupatikana. Fundi atakayesema mbele ya watu wote, huku dakika zikikwisha, "simamisheni, sikukaza ile nati ya nyuma," huyo dereva hatamwacha aende kwa kundi jingine, maana ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa watoto wake.

Ndugu zangu wa karakana za jeshi na polisi, mnaosoma ukurasa huu wakati wa chai, hamhitaji kuambiwa haya. Ninyi mwayajua. Pengine sajini angewauliza ninyi kabla ya kuniacha mimi, mtu wa makaratasi, nimwandikie.

Na juu ya hatari nisingependa kuwa na maneno mengi. Vidole vya mdogo wangu vyatosha. Mama aende gereji mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa. Atazame stendi. Atazame kama kuna mtungi wa kuzimia moto, na kama kijana amevaa viatu au kandambili. Akikuta gari juu ya jeki na miguu ya mwanawe imetokeza chini yake, siku hiyo nami nitakuwa upande wa baba.

Nilimwandikia sajini kikaratasi, nikamwomba tu aje gereji Jumamosi saa tatu asubuhi, aone kwa macho yake, kisha aamue. Sikutegemea kwamba atakuja. Alikuja, akiwa amevaa nguo za kiraia, mkewe nyuma yake, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukagua. Kijana alipomwona alinyooka. Hakuna aliyesema neno.

Mzee hakumkaribisha kwa kiti. Alimfuata pale mlangoni akampa saa. "Afande," akasema, "vijana wangu wataondoa gurudumu la mbele la Hilux ile na kuweka la akiba. Wewe shika muda, maana wewe huna upande." Sajini akaitazama saa, akamtazama mzee, akaipokea.

Wakaanza. Yule mwenzake aliisukuma jeki, kijana akalegeza nati kwa msalaba wa chuma kabla gurudumu halijaiacha ardhi, kama ipasavyo. Gari likainuka, stendi ikaingia, gurudumu likatoka, jingine likaingia, nati zikakazwa kwa mkono kwanza, kisha gari likashuka, kisha zikakazwa kwa nguvu za mwili mzima. Kijana akarudi nyuma akainua mkono. Alikuwa anatweta.

"Dakika moja na sekunde 26," akasema sajini, na sauti yake haikuwa ile niliyoitarajia.

Mzee akachukua spana ndefu, akapiga goti, akajaribu nati moja baada ya nyingine. Ya kwanza haikutikisika, wala ya pili, wala ya tatu. Ya nne ilizunguka robo. Mama alishika kinywa. Mzee akainuka taratibu, akamtazama kijana, kijana akatazama chini, kisha akainua uso akasema, "Nilijua, mzee. Niliona muda unakwenda."

"Basi rudia," akasema mzee.

Kijana akaiendea jeki. Baba yake alikuwa amekwisha kuirudisha saa kwenye sifuri.